Taarifa ya Tawi la Mahuta

Ndugu Katibu wa Mkoa,
umeniuliza kwa simu mara mbili, ya pili kwa hasira,
kama ile kwenda kushoto imetusaidia.
Nakujibu kwa kalamu. Vocha imekwisha,
na swali lenyewe haliishi kwa dakika moja.

Uchaguzi ule tulipokuwa wapole,
tukasema tutaboresha, tutaangalia upya,
tutashirikiana na wadau,
tulipata kura mia mbili na nne.
Safari hii tumesema ghala ni la mkulima,
salfa bure, mnada ufanyike mchana watu wakiona,
na mashamba makubwa yagawiwe.
Tumepata mia mbili na kumi na moja.

Saba, Ndugu Katibu.
Nimekesha na hiyo saba
kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi
asijue aseme au anyamaze.
Wawili ni wanangu, mapacha,
wametimiza kumi na minane mwezi wa tano.
Watano siwajui.
Nawasalimia kila mtu sokoni kwa heshima, kwa tahadhari.

Bi Asumini Nampemba alisikia neno "pamoja"
akafunga mlango.
Pamoja ya kwanza, alisema kwa ndani,
ilikuja na lori, ikavunja jiko langu uji ukiwa motoni.
Nikamwambia hii ni nyingine, mama.
Akasema: lori hulijui ni lipi mpaka lishushe.

Mnungu wa mikorosho ishirini na mitatu
alinikamata shati pale mashineni:
Mnataka kunigawa?
Nikamwambia wewe si shamba kubwa.
Akaniangalia kama nimemtukana.

Na Chiputa, asiye na mkorosho hata mmoja,
anayepalilia vya watu tangu baba yake,
huyo alitupigia makofi hadi viganja vikamwiva.
Siku ya kura hakuonekana.
Alikuwa Masasi anabeba magunia;
tajiri kasema asiyekuja leo asije kesho.
Tulikwenda kushoto kumfuata yeye,
tukamkosa, yuko kazini.

Niseme na hili, ulichane ukishasoma.
Mwenyekiti wetu aliilaani kangomba jukwaani
mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.
Lile bakuli lake la kupimia
lilikuwa limeanikwa uani, bado lina vumbi la korosho.
Watu wa Mahuta wanapita uani, Ndugu Katibu.
Hawapiti jukwaani.

Mgombea naye akanyoosha mkono wa kushoto juu, ngumi.
Somoe Chitanda akauliza kutoka mstari wa mbele:
huo mkono, huku tulikokaa, si uko upande wa kulia?
Mkutano mzima hakikupatikana kicheko kama kile.
Nami nilicheka. Nisamehe.

Kiangazi dumu la maji hapa ni shilingi mia tano.
Maji tuliyaweka ukurasa wa sita.

Kwa hiyo usiandike Mahuta wamekataa.
Usiandike wamekubali.
Jana nimetoka kupeleka fomu, nimepakiwa pikipiki,
spika mgongoni, tumefika kwenye kipilefti.
Unajua kipilefti kinavyokwenda:
unaingia kwa kushoto, kama sheria inavyotaka,
kisha barabara yenyewe inakukunja kulia, kulia, kulia,
na usipochagua pa kutokea
unaiona tena ile bango ya benki uliyoiacha.
Dereva wangu alizunguka mara mbili.
Nilimuuliza, tunakwenda wapi?
Akasema, mama, nakusubiri wewe.

Mengineyo: spika bado zinadaiwa elfu arobaini.
Mwenye nazo aliwapigia wale wengine,
kaniambia mwenyewe, bila kuficha.
Lakini deni analidai kwa adabu,
na amesema uchaguzi ujao atatukodisha tena,
upande wowote tutakaokuwa.