Gololi

Fundi Muthengi hakuja na vigae.
Alikuja na gololi moja ya kijani,
akaiweka mlangoni, akaiachilia.
Ikatembea yenyewe hadi chini ya kabati
kama mgeni anayejua choo kilipo.

"Mama, nyumba hii inainamia Kayole."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Yule wa kwanza, wa bei ya kutupa,
alipaka gundi juu ya vumbi, akaenda zake.
Sasa Muthengi anavigonga vigae vyake
kwa sarafu ya shilingi ishirini:
ko, ko, ko, halafu pu.
"Hapa pana hewa," akasema. "Hapa ulidanganywa."

Siku tatu, nyundo na patasi.
Vilima vikachongwa,
mabonde yakanyweshwa saruji laini,
pimamaji ikalazwa huku, ikalazwa kule,
hadi kiputo chake kikatulia katikati.
"Vigae lini?"
"Sakafu haijakauka. Haraka ya nani hiyo?"

Jumamosi ya pili akaniita.
Gololi ilikaa pale pale alipoiweka.

Nikairudisha meza ya marehemu mama.
Ikayumba.
Nikapiga magoti, nikaona chini ya mguu mmoja
kipande cha pakiti ya maziwa, kimekunjwa mara nne,
alichokibana mwaka ule tulipohamia Umoja
ili chai ya baba isimwagike.

Muthengi akachomoa kisu akibandue.
Ngoja, fundi.
Huo mguu niachie.

Jioni nilikunywa chai
nimeshika kikombe kwa mikono miwili.