Masega

Kenta imeingia gerejini Gofu saa mbili asubuhi,
bado inanuka machungwa ya Muheza.
Mwenyewe, Bi Mwanamvua Mnkande, kashuka upande wa dereva,
simu sikioni, mkono wa pili unanionyesha chini:
"Toa masega, fundi. Mnunuzi yuko njiani.
Itoe moshi, isitoe, ada ya chuo inangoja."

Nimepandisha jeki, nimeweka magogo,
nimelala juu ya boksi la friji lililotanuliwa.
Eksozi bado ya moto. Nati ya kwanza imekubali.
Ya pili imegoma; nimeipaka dizeli, nimeisubiri
kama mtu anavyomsubiri mgeni aliyekwenda msalani.
Ya tatu imekatika. Kutu ikanimwagikia machoni.

Huko juu namsikia anasimulia, hamwambii mtu hasa:
baba yake alitundika mizinga porini Handeni,
sega alilipima kwa kiganja kabla ya kulikamua.
Zito, anacheka. Jepesi, anawasha kiko.
"Nilipoambiwa gari nalo lina masega," anasema,
"nilicheka hadi nikakaa chini."

Limeshuka.
Nimelipokea kifuani, nimejikaza kupokea uzito.
Uzito haukuja.
Nimeligonga kwa spana: limelia kama debe la kupimia mahindi,
tupu, tena bila aibu.

Nimeligeuza. Tumboni lina mshono,
mrefu wa shubiri, umepinda mwishoni,
pale mkono ulipochoka, au ulipoogopa cheche.
Mshono nisioweza kumsingizia mtu.
Nilikuwa na miaka kumi na sita. Fundi Sempombe alinipa miwani
iliyopasuka kioo kimoja, akasema, "Ziba ufa huo, tukuone."
Nikaziba. Nikasifiwa. Nikapewa elfu tano,
nikala chipsi mayai Barabara ya Kumi na Mbili,
nikamnunulia mama sabuni.
Sikuuliza ni ufa gani unaonyooka kama uliopigwa rula.

Sasa miguu ya Bi Mwanamvua imesogea:
kandambili za bluu, kucha zina hina iliyofifia.
Pikipiki inapiga honi getini. Ni mnunuzi, na mizani yake ya ndoana.
"Vipi huko chini? Zito?"

Kutu iko mdomoni.
Naimeza kwanza.
"Bi Mwanamvua," nasema, "mwambie asizime pikipiki.
Wewe chuchumaa hapa.
Lete kiganja."