Moto Upo, Mafuta Yapo

Mnunuzi anatoka Nzega na basi la alfajiri.
Advansi yake tumeshaila: nusu imekwenda ada ya Sayi,
nusu imekuwa bati la jikoni.
Na Landrova ya marehemu baba, tangu masika yaliyopita,
imekaa nyuma ya bani la tumbaku
kama mgeni aliyesusa chakula.

Napiga ufunguo. Tk.
Napiga tena. Tk.
"Betri," anasema Milembe, ambaye hajui gari
ila anajua kusema jambo kabla ya mwenziwe.
Vichwa vya betri vimeota unga wa kijani.
Namwagia maji ya moto, nakwangua kwa kisu cha mihogo,
wapi.
Tunamwamsha Mama Ngolo atuazime betri ya sola,
kwa sharti irudi kabla giza halijaingia.

Sasa stata inazunguka. Inazunguka vizuri tu,
wu-wu-wu-wu, kama mtu anayekubali kila usemalo
na hatendi.

Nampigia fundi Nhwani, yuko Kaliua kwenye trekta la watu.
"Chomoa plagi, ilaze juu ya injini,
dada yako apige stata, wewe tazama."
Giza la saa kumi na moja linasaidia:
cheche ya buluu, nyembamba, inaruka,
na mkono wangu nao unaruka, nimeshika pasipofaa.
"Umeona?"
"Nimeona na nimehisi."
"Basi moto upo. Chomoa mpira wa kabureta."
Petroli inatema kwenye kopo la rangi.
"Mafuta yapo. Sasa sikiliza kwa makini.
Kama moto upo na mafuta yapo, kilichobaki ni—"

Salio limekwisha.
Duka la vocha, hapa Sikonge, linafunguliwa saa mbili.

Nakaa juu ya madigadi.
Baba alikuwa na dawa zake:
kofi moja kwenye dashibodi,
tusi moja la Kinyamwezi lisiloandikika.
Najaribu kofi.
Najaribu tusi. Milembe anacheka,
halafu hacheki.
Sauti ilitoka kama yake.

Nachomoa plagi ya pili, ya tatu, ya nne.
Zote zimelowa, nyeusi, zinanuka petroli,
na hapo ndipo ninapoanza kuelewa,
polepole, kama mtu anayesoma barua ya mkopo:
huyu hajakosa kinywaji.
Amekosa pumzi.

Chujio la hewa ni lile sufuria jeusi ubavuni.
Klipu zimeshika kutu; nagonga kwa nyundo, mfuniko unaachia,
na harufu inayotoka si ya grisi.
Milembe anainama na tochi ya simu.
Nta. Vijungu vya nta, kahawia, vimeshonana
mpaka kwenye koo la bomba,
na nyuki wadogo, wale wasiouma,
wadogo kama chenga za mchele,
wanatoka mmoja mmoja
kutazama ni nani kawasha taa.

Baba alitundika mizinga mia na arobaini msitu wa Ipole.
Hakuna aliyeipandia tangu tumzike.
Milembe mwalimu, mimi nauza bati.

Nachovya kidole. Asali ina uchachu
na, kwa mbali, oili.

Nalibeba sufuria zima, na wenyewe ndani,
nalifunga kwa waya kwenye mninga nyuma ya choo,
mlango wao ukitazama mashariki; hilo tu nalikumbuka.
Kisha napiga ufunguo.

Inakohoa. Inatema moshi mweusi,
jogoo wa Mama Ngolo anaruka ua,
na inawaka, kinywa wazi,
bani zima linatetemeka.
Milembe anapiga kelele kitu nisichokisikia.

Nazima.
"Mbona umezima?"
Namwambia, betri ya watu.
Namwambia, mnunuzi atataka kuiwasha mwenyewe.
Anatazama mninga, ananitazama.
"Atauliza chujio liko wapi."

Tutampunguzia elfu thelathini.