Kidato cha Kumi na Saba

Kiraka kimefika saa tano usiku, Januari, Brno,
theluji imekalia waya za tramu.
Mstari mmoja umetoka, mstari mmoja umeingia.
Mletaji: Drahomír, wa Ostrava. Simjui sura.
Juu yake ameandika maneno matatu:
Sasa inasomeka vizuri.

Na kweli inasomeka.
Pale mzee Květoslav alipoandika
*ikiwa si kwamba kihisi hakiko tayari*,
kijana ameandika
*ikiwa kihisi kiko tayari*.
Basi.
Kukanusha mara mbili ni kumzungusha mgeni nyumba nzima
ilhali mlango uko mbele yake.

(Kicheki chetu hukanusha mara mbili bila haya:
hakuna mtu hakusema si kitu.
Labda mzee aliandika kwa lugha ya mama.
Mashine haina mama.)

Ila faili hili lina mistari elfu moja mia tisa
na mzee alizunguka hivyo hivyo
mahali thelathini na nane.
Kijana amegusa pamoja tu,
mstari wa mia sita kumi na moja.

Kiti kile kizuri kimevunjika:
ki, ki, ki, sikio linatulia.
Sema *kiti kile mzuri*, na chumba kizima kitageuka
hata kama mzuri ni neno zuri.
Miaka kumi ijayo mtu atafika mstari huo
na kusimama. Huu una nini?
Unajua jambo gani wenzake thelathini na saba hawalijui?
Atapoteza alasiri nzima akichimba siri
ambayo hakuna aliyeifukia.

Nikatoka kwenda kutupa taka.
Taa ya ngazi za jengo letu huhesabu dakika, kisha huzima,
na huzima daima ukiwa katikati.
Kidato cha kumi na saba kilikarabatiwa vuli iliyopita.
Fundi Lubor alikitengeneza kwa mapenzi:
saruji laini, ukingo umenyooka kama rula,
kizuri kuliko vyote,
na kimezidi vyote kimo kwa unene wa kidole.
Hapo ndipo Bibi Vlasta alipomwaga kilo tatu za vitunguu
na nusu ya meno yake.
Gizani mguu hausomi. Mguu unaamini.

Nikarudi nimeshaamua. Nikaandika:
*Badilisha yote thelathini na nane, au acha.*
Nikaifuta.
Maana akibadilisha yote, atakayeuliza kesho
mstari huu ni wa nani
ataonyeshwa Drahomír, Drahomír, Drahomír,
na mzee atasogea tabaka moja chini,
yeye aliyeandika nusu ya faili hili kwa mkono mmoja,
baada ya kiharusi, herufi baada ya herufi,
akikataa kusaidiwa hata nukta-mkato.

Nikaketi nikazisoma zote kwa sauti.
*Si kwamba hakiko. Si kwamba hakiko.*
Kufika ya kumi na tisa sikujua tena
kama nasoma au naimba dua.
Na kama moja ingekuwa imekosewa hapo katikati,
ulimi wangu ungeipitia ikiwa mbovu
na kuitikia amina.

Sasa ni alfajiri. Jibu langu bado liko wazi kwenye kioo:
*Ndugu Drahomír, mstari wako ni mzuri. Hilo ndilo tatizo.*
Sijui sentensi inayofuata.

Tramu ya kwanza imepita ikikwangua barafu.
Nimeshuka kununua mkate,
nikamkuta Lubor amepiga magoti penye kidato chake,
kopo mkononi.
Hakukibomoa. Hakuviinua vingine.
Anakipaka ukingo rangi ya njano
na ananiambia, bila kugeuka,
nisikanyage, bado mbichi.