Mivumo Miwili

Kila Ijumaa baada ya swala, najichoma.
Vidole vitatu kutoka kitovuni, wiki hii kushoto, wiki ijayo kulia.
Peni huituma Siwema kutoka Dar kwa basi la usiku,
imezungushiwa barafu na gazeti ndani ya ndoo ya rangi.
Kondakta huambiwa ni kamba wa mgonjwa.

Kilo tisa zimeondoka tangu kiangazi.
Na kilo nazijua, mimi.
Miaka ishirini na mbili napima asali soko la Tabora,
kiganja changu husema kabla ya mizani.
Tisa ni ndoo ndogo, imejaa, pamoja na kifuniko.
Sijui nimeimwagia wapi.

Mama Ngole wa mchele akanivuta pembeni:
Mwashi, mwenzangu, umepima?
Nimepima, nikamwambia. Ni sukari.
Akaitikia aaa ndefu,
ile ya mtu anayekukopesha imani na atakuja kuidai.

Sukari imeshuka, hilo silikatai.
Nyayo haziwaki tena. Usiku naamka mara moja, si mara tano.
Ila hiyo mara moja
namkuta mtu kifuani, anatwanga.

Isevya imelala. Treni imeshapiga honi, imenyamaza.
Vidole viwili juu ya kifundo cha mkono,
macho kwenye saa ya ukutani.
Tisini na nane.
Mia na nne.
Na sijapanda ngazi, sijagombana na mtu.
Naandika kwenye daftari la madeni, kurasa za nyuma:
mbele wapo ninaowadai,
huku nyuma sijui nani ananidai mimi.

Kitete, daktari kijana akanibandika nyaya,
mashine ikatema karatasi ya vilima.
Nani alikuandikia dawa hii, mama?
Siwema.
Ni daktari?
Ni mhasibu.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Kuna watu dawa hii inawalinda moyo, akasema.
Kuna ambao mapigo yanapanda kidogo, yanakaa hapo, basi.
Na kuna wachache...
Akakunja karatasi kabla ya sentensi.
Wewe uko wapi, bado sijui.
Ijumaa hii usichome. Jumatatu tupime tena.

Nilimpenda kwa lile sijui.
Njia nzima ya kurudi nilimchukia pia, kidogo.

Baba alikuwa na mizinga porini, kuelekea Ipole.
Usiku mmoja, nina miaka tisa, akanibeba mabegani
hadi sikio langu likagusa gome.
Ndani, mvumo.
Asali mbichi ni maji matupu, akanong'ona.
Wanapepea usiku kucha maji yatoke.
Haiivi kimyakimya.
Tukaenda mzinga wa pili. Mvumo uleule,
mimi ningeapa ni uleule.
Baba akanishusha: hawa wanahama.
Asubuhi tulikuta masega, na nyuki mmoja aliyesahauliwa.
Nikamuuliza umejuaje.
Kwa kukosea, akasema. Mara nyingi.

Sasa nina miaka hamsini na nane na mzinga ninao mwenyewe,
umetundikwa hapa, chini kidogo ya titi la kushoto.
Unapunguza maji?
Au kuna kundi humo limeshakubaliana,
linangoja kupambazuke?

Leo Ijumaa.
Peni iko kwenye friji la Bi Hadhara, nyuma ya aiskrimu za ukwaju za wanawe.
Siwema amepiga simu mara mbili: shangazi, usije ukanenepa tena.
Kanga inanizunguka mara moja na nusu na bado ncha inabaki.
Sijaenda kugonga mlango wa Bi Hadhara.
Sijasema sitaenda.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda na daftari, kalamu mdomoni.
Mshale wa saa unafika kumi na mbili, naanza:
moja, mbili, tatu,
nne, tano,
ngoja.
Hapo katikati palikuwa na kitu.