Ng'ombe Hawamngoji Hakimu

Baba aliandika kila kitu.
Kwenye makopo ya misumari: inchi mbili, inchi tatu,
iliyopinda lakini bado inafaa.
Sikioni mwa kila ng'ombe, namba.
Mlangoni pa friji, tarehe ya kila ndama.
Shamba tu ndilo hakuliandikia neno.
Nilipomgusia, Leonel Bettencourt alicheka,
akafuta mikono kwenye suruali:
"Karatasi ni za wagonjwa.
Mimi bado napanda trekta bila kushikwa mkono."

Alifariki Jumanne moja ya Januari,
ukungu wa Tulare mzito hivi
hata gari la wagonjwa lilipita lango mara mbili.

Jumatano, saa kumi alfajiri,
ng'ombe mia mbili na sitini wamepanga foleni,
viwele vimejaa.
Nani awaambie mwenyewe hayupo?
Nani awaambie benki imefunga akaunti
mpaka mahakama imteue msimamizi?
Maziwa hayalijui neno msimamizi.
Hutoka.

Miezi kumi na sita.
Mthamini alikuja, akahesabu hata kitanda cha mama,
akabonyeza godoro, akaandika dola kumi na tano.
Jina la baba likatoka gazetini
kati ya pikapu inayouzwa na mbwa aliyepotea,
likiwaita wote waliomdai.
Kufa kufaana, kumbe:
wakili alikata chake kwenye thamani ya shamba zima,
deni la benki likiwa ndani yake, halijatolewa.
Tukauza ng'ombe arobaini tumlipe.
Namba 118 alikuwamo,
yule aliyekuwa akimlamba baba shingoni.

Kaka yangu Délio alipiga simu kutoka Fall River.
"Konde la mashariki baba aliniahidi mimi."
"Aliniahidi mimi," nikasema.
Huenda alituahidi wote wawili. Mdomo wake ulikuwa mkarimu.
Siku hizi tunatumiana kadi za Krismasi
zenye majina tu.

Leo niko kwa Bi. Mai Vang, mthibitishaji wa hati,
ofisi nyuma ya duka la matairi.
Nina miaka hamsini na miwili, siumwi popote.
Shamba linahamia kwenye amana;
nitaishika mwenyewe nikiwa hai,
na nikiondoka ataishika Odília binti yangu,
bila kubisha mlango wa hakimu.
Bi. Vang ananionya: wengi husaini amana
wakasahau kuitia mali.
Ndoo nzuri hiyo, imeachwa nje ya zizi.
Kwa hiyo nimekuja na hati ya ardhi, kitabu cha benki,
hata kadi ya lori lisilowaka.

Odília hataki kusikia.
"Mama, achana na habari za kifo."
Simwambii habari za kifo.
Namwambia habari za saa kumi alfajiri.

Nasaini. Kalamu inakauka kwenye herufi B.
Nailamba ncha, kama alivyofanya baba,
naendelea.