Hatuna Tisa

Hewani gari haliitwi kwa sura.
Chilongani analiita lake Bi Harusi,
maana asubuhi haliondoki mpaka libembelezwe,
lakini jina hilo huishia getini.
Ukishika redio unataja kazi, kisha namba:
Maji, lenye tangi. Ngazi, lenye ngazi.
Okoa, lile la misumeno na machela.
Mimi ninayekaa kwenye kiti kilichotoka sponji,
ni Zabibu.
Mkuu aliyelichagua jina hilo alihamishiwa Songea
kabla hajaonja msimu hata mmoja.

Nilifundishwa: sema kidogo, sema mara mbili,
usiseme "lile", usiseme "pale kwa Mchaga",
usimtaje mtu kwa jina, jina la mtu linatetemesha sauti.
Namba haina mama.

Ila upepo hawakunifundisha.
Upepo wa Agosti ukishuka Mlimwa na vumbi lake
unaingia mpaka ndani ya spika,
unatafuna konsonanti, unatema irabu.
Moja inabaki o-a. Tatu, a-u.
Nne inabaki pumzi tu, lakini pumzi yake ni yake.
Ni mbili peke yake, kati ya zote nilizohesabia vidole tangu chekechea,
zinazobaki kitu kimoja:
sita, i-a.
Tisa, i-a.
Andika uone. Herufi ni zilezile nne,
zimebadilishana viti.

Usiku ule uliwaka ushonaji wa Sechelela, Nkuhungu,
mlango wa tatu kutoka mashine ya kusaga.
Maji Tisa lilikuwa Kizota, limejaa hadi mdomoni.
Maji Sita lilikuwa linarudi kutoka Mnadani, limekamuka.
Nikaita: "Maji Tisa, Maji Tisa, hapa Zabibu. Elekea Nkuhungu."
Ikarudi sauti, ya haraka, ya kijana mwema:
"Zabibu, nimekupata, naelekea."
Ilikuwa ya Mwaluko, wa Sita.
Na mimi, masikio yamejaa mchanga,
nikaandika daftarini, saa saba na dakika kumi na saba,
kwa mwandiko mzuri.

Aliitwa, akaitika. Alidhani wenye maji wanakuja nyuma.
Hakuna aliyewahi kufika upesi namna ile.
Alifika na kofia, na mipira, na king'ora,
na tangi linalolia debe ukiligonga.
Unajua watu husema nini kuhusu gari la zimamoto lisilo na maji.
Walisema.
Nilisikia yote, Mwaluko alisahau kuachia kitufe.
Na nyuma ya matusi sauti ya mwanamke, haipigi kelele,
inahesabu vyerehani:
o-a, i-i, a-u,
ikaendelea, ikafifia, ikarudi,
ikaishia kwenye i-a.

Wiki iliyofuata likaja agizo, mistari miwili na muhuri:
namba tisa isitumike.
Akaja mchoraji na kopo la rangi nyeupe,
Maji Tisa likawa Maji Kumi.
Jua likiwa chini upande wa Kizota
tisa bado inaonekana, imevimba kidogo chini ya rangi.
Watoto wa shule wakitutembelea hupanga foleni, huhesabu magari,
na kila darasa lina mmoja wa kunyoosha kidole:
mbona mmeruka?
Chilongani huwaambia liko safarini.

Sijakwenda kumuuliza Sechelela vilikuwa vingapi.
Nimepita pale mara moja, siku ya mapumziko, sikushuka.
Siku hizi wanauza vocha.

Usiku, kila saa, naita orodha.
"Maji Sita, Maji Sita, hapa Zabibu. Unanipata?"
Utaratibu unataka neno moja tu.
"Nimekupata," anasema Mwaluko.
Kisha, wala hajaulizwa:
"Tangi limejaa."